Mtoto wa Kuhamahama Si Mtoro

Sisi tunaokaa hapa Malakisi hatuwezi kusema kwamba mambo ya Mlima Elgon hayatuhusu. Mto wetu unatoka huko juu, na mvua ikizidi mlimani ndipo nasi tunapovuka kwa taabu. Watu nao hushuka kama maji. Katika miaka ya 2006 hadi 2008, mlima ulipochafuka kwa vita vya ardhi, jamaa nyingi ziliteremka na magodoro kichwani, zikaomba pa kulala kwa Wabukusu, kwa Wateso, na hata ng'ambo ya Uganda.

Jamaa moja ilifikia kwa jirani yangu. Walikuwa na kijana wa miaka kama kumi na miwili, aliyekuwa darasa la sita alikotoka. Baba yake aliniomba nimsindikize shuleni, kwa kuwa yeye mwenyewe aliona haya kusema mbele ya wakubwa. Nikaenda naye. Tukaulizwa barua ya uhamisho. Nikaeleza kwamba shule yake ilifungwa na walimu wake wamekimbia kama yeye. Tukaambiwa bila barua hakuna anayejua kiwango chake, kwa hiyo ataanza darasa la nne.

Basi kijana akaketi na watoto wadogo, magoti yakigonga dawati. Wenzake wakamwita Mndorobo. Hesabu alizijua, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha Kisabaoti, na kila alipofungua kinywa darasa lilicheka. Haikutimia miezi miwili akaacha, akawa mchukuzi wa mizigo njia ya Lwakhakha. Katika orodha ya mahudhurio mbele ya jina lake paliandikwa neno moja: mtoro.

Neno hilo limenikaa moyoni mpaka leo. Hebu tujiulize, ndugu msomaji, ni nani aliyemtoroka mwenzake? Ni mtoto aliyekwenda shule mbili katika mwaka mmoja wa vita, au ni shule iliyomfungulia mlango nusu?

Yafaa tukumbuke kwamba watu wale hawakuzoea kuhamishwa kwa kupenda. Waogiek wa Chepkitale walikuwa wakiishi juu mlimani kwa mifugo na asali. Mwaka 1971 serikali ilianza kuwateremsha kwenye mpango wa makao wa Chebyuk. Ardhi hiyo ikagawanywa na kugombaniwa miaka nenda miaka rudi, mpaka ikazaa vita vile, na mwezi wa Machi 2008 jeshi likapelekwa. Chepkitale yenyewe ilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyama mwaka 2000. Ilipofika Septemba 2022 ndipo mahakama ya mazingira na ardhi ilipowapa Waogiek hao haki juu ya ardhi ya wazee wao. Hesabu miaka, msomaji: kutoka 1971 hadi 2022 ni miaka 51. Mtoto aliyezaliwa siku ya kwanza ya kuhamishwa alikuwa amekuwa babu. Je, wote hao walipaswa kungojea kesi iishe ndipo wasome?

Wala tusidhani jambo hili ni la mlima wetu peke yake. Huko Ulaya wako Waroma, ambao wenyeji waliwaita kwa jina la Misri ijapokuwa asili yao ni Bara Hindi. Nao wamefukuzwa kutoka nchi hadi nchi kwa karne nyingi. Katika mji wa Ostrava, nchi ya Cheki, watoto wa Kiroma walikuwa wakipelekwa kwa wingi katika shule za watoto wenye upungufu wa akili. Kisa chao ni kuwa walishindwa mtihani uliotungwa kwa lugha na desturi za watu wengine. Jamaa za watoto 18 zilishitaki, na tarehe 13 Novemba 2007 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikaamua kwamba huo ni ubaguzi. Nilipolisoma jambo hilo nilimkumbuka kijana wetu na dawati lake la darasa la nne. Mwaka ulikuwa mmoja, na kosa lilikuwa moja: kupima ugeni wa mtoto na kuuita ujinga.

Wako watakaosema, "Na watulie kwanza, kisha waje shule." Maneno hayo yanasikika kama busara, lakini hayana haki ndani yake. Mfugaji hufuata nyasi kwa kuwa ng'ombe hawali hotuba. Aliyefukuzwa hafuati chochote, anakimbia tu. Katika hao wawili hakuna mvivu. Na umri wa mtoto haungoji mtu.

Jirani zetu wa Uganda waliliona hilo zamani. Mwaka 1998 walianzisha huko Karamoja elimu iliyopelekwa karibu na maboma. Masomo yalipangwa alfajiri kabla ya kuchunga na jioni baada ya kurudi, walimu wakatoka katika jamii ile ile, na mafunzo yakagusa mifugo na afya. Nigeria iliunda tume ya elimu ya wahamaji mwaka 1989. Kwetu Kenya, sheria ya elimu ya mwaka 2013 iliweka baraza la taifa la elimu ya wafugaji, na Katiba ya 2010 inataka jamii zilizoachwa nyuma, wakiwamo wawindaji na wafugaji, zipewe nafasi maalum katika elimu. Sheria tunazo. Kinachokosekana ni kiti darasani.

Simlaumu mwalimu peke yake. Tangu karo ya msingi ilipofutwa Januari 2003, watoto walipanda kutoka karibu milioni 5.9 hadi milioni 7.2 katika mwaka huo, na mwalimu mmoja akajikuta na darasa lililofurika mpaka mlangoni. Mtu wa namna hiyo akiletewa mgeni asiye na karatasi, ni rahisi kumwona kuwa mzigo.

Hata hivyo yako mambo yasiyohitaji fedha nyingi. Kwanza, mtoto apokewe siku ile ile, na barua zifuate. Cheti cha kuzaliwa kisiwe kufuli la mlango. Pili, akae na wa rika lake, apimwe polepole katika lugha anayoijua. Tatu, kila mtoto wa jamii inayohama apewe daftari lake la maendeleo, alichukue aendako, ili mwalimu wa pili aanze pale alipoishia wa kwanza. Nne, tuache kuandika utoro mahali pasipo utoro. Uingereza, mtoto wa jamii hizo anayesafiri na wazazi wake kwa kazi ana alama yake katika orodha, mbali na ya mtoro. Ni herufi moja tu, lakini inahifadhi heshima ya mtoto na nafasi yake. Tano, mwalimu akisikia neno Mndorobo darasani, asicheke. Jina hilo latokana na neno la Kimaasai la kumdharau mtu asiye na ng'ombe. Mtoto anayeitwa fukara kila asubuhi atajifunza nini mchana?

Mwaka jana nilikutana na yule kijana sokoni. Sasa ni mtu mzima, mikono imekomaa kwa magunia. Tukajuliana hali, kisha akaniuliza, "Mzee, mwanangu anaanza shule Januari, lakini hatujui mwakani tutakuwa huku au juu. Wakimdai barua nitoe wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia tu kwamba siku hiyo nitakwenda naye tena, na safari hii sitaondoka mlangoni mpaka mtoto amekaa.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo na barua.