Dhamana ni Mali, Itunzwe

Watumishi wengi wa Serikali na walimu hununua jokofu au televisheni kwa akiba ya miezi mingi, pengine kwa mkopo unaokatwa katika mshahara. Chombo kikifika nyumbani, hati ya dhamana hutupwa pamoja na boksi. Kikiharibika mwezi wa kumi, mwenyewe humlipa fundi, ilhali dhamana ya mwaka mmoja ingali hai.

Hasara hiyo si ya lazima. Kwa kawaida muda wa dhamana huhesabiwa tangu siku ya kununua, wala si siku ya kuanza kutumia. Mnunuzi hana budi kuhakikisha, kabla ya kutoka dukani, kwamba hati ina tarehe, namba ya chombo na mhuri. Tena risiti za mashine za kodi, zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010, huchapwa kwa joto na maandishi yake hufifia. Zitolewe nakala mapema na kuwekwa katika jalada moja. Mwezi mmoja kabla ya dhamana kwisha, chombo kikaguliwe.

Wenye maduka nao wasisahau kwamba Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji kuhusu dhamana.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Anayetunza majalada ya ofisi kila siku hawezi kushindwa kutunza jalada moja la nyumba yake.