Vyama na Ndimi za Wagombea: Nani Huadhibiwa, Nani Huachiwa?

Kila msimu wa uchaguzi hutokea mgombea akatoa kauli ya kuudhi, na watu wakakaa kusubiri chama chake kitasema nini. Wengi wetu hudhani kuwa chama kikimwadhibu mtu wake kimesimamia haki, na kikinyamaza basi kauli ile haikuwa na ubaya. Tukiyaangalia yaliyotokea Uingereza, nchi ambayo baadhi ya jamaa zetu wa visiwani wanaishi na kupiga kura, tunaona kuwa vyama hupima kwa mizani nyengine.

Februari 2024 ulifanyika uchaguzi mdogo wa Rochdale baada ya mbunge wa jimbo hilo kufariki. Mgombea wa Labour, Azhar Ali, alikuwa amerekodiwa akidai kuwa Israel iliyaachia makusudi mashambulizi ya Oktoba 7 ili ipate kisingizio cha kuivamia Gaza. Aliomba radhi, na mwanzo chama kikasimama naye. Yalipotoka maneno yake mengine, tarehe 12 Februari chama kikamkana. Lakini muda wa uteuzi ulikwishapita, na jina lake halikuweza kutolewa. Akabaki kwenye karatasi ya kura kama mtu wa Labour huku Labour haimuombei kura. Alimaliza wa nne, na George Galloway akashinda kwa kura 12,335.

Mwezi huohuo Lee Anderson, mbunge wa Conservative aliyekuwa naibu mwenyekiti wa chama hadi Januari, alisema kwenye televisheni kuwa Waislamu wenye siasa kali wamemtia mkononi Meya wa London, Sadiq Khan. Alitakiwa aombe radhi, akakataa, na chama kikamsimamisha katika kundi la wabunge wake. Waziri Mkuu Rishi Sunak alisema kauli ile ni makosa, ila aliepuka kuiita chuki dhidi ya Waislamu. Machi Anderson akahamia Reform UK, na Julai akachaguliwa tena.

Tukirudi nyuma, Agosti 2018 Boris Johnson aliandika gazetini akiwafananisha dada zetu wanaovaa burka na masanduku ya barua. Jopo la chama chake likaamua kuwa hakuvunja kanuni. Julai 2019 akawa Waziri Mkuu, na ilipofika Novemba, katikati ya kampeni, akaomba radhi kwa machungu yaliyosababishwa na chuki dhidi ya Waislamu ndani ya chama chake.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Chama kina njia tatu za kumzuia mgombea: kumchuja kabla ya uteuzi, kumpa maneno ya kusema, na kumtupa akiharibu. Ya kwanza ndiyo yenye nguvu, kwa sababu karatasi za kura zikishachapishwa chama hakina la kufanya ila kujitenga naye. Lakini katika zote tatu, swali linaloulizwa ndani ya ofisi za chama ni moja: kauli hii itatupotezea kura ngapi, na je, huyu tunamhitaji? Ndiyo maana aliye mdogo hutupwa kwa siku chache, na mwenye mvuto husubiriwa.

Visiwani kwetu, rungu hilo tumeliona zaidi mikononi mwa tume kuliko vyama. Oktoba 2020 Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar ilimzuia marehemu Maalim Seif Sharif Hamad kufanya kampeni kwa siku 5, na ile ya Taifa ikamzuia Tundu Lissu kwa siku 7. Wote wawili walikuwa wagombea wa upinzani.

Na sisi tunajua bei ya maneno ya majukwaani. Baada ya uchaguzi wa 1995 tulifika mahali watu wa kijiji kimoja wakasusiana maduka, harusi na hata maziko, kwa sababu ya vyama. Ilichukua miaka mingi hadi maridhiano na kura ya maoni ya Julai 2010 kuanza kuziunga tena nyumba zilizogawika. Viongozi waliosema maneno makali walipeana mikono. Waliobaki na majeraha ni majirani.

Kwa hiyo tusikabidhi dhamiri zetu kwa kamati ya maadili ya chama chochote. Dini yetu inatufunza kuwa kila neno lina hesabu yake, na kwamba uadilifu ni wajibu hata kwa tusiyempenda. Mgombea akimtukana mwenzake, tujiulize: lau angesema haya mtu wa chama cha pili, tungenyamaza? Na video yake ikifika kwenye simu zetu, tusiirushe kwa jamaa ili kuwakera. Uchaguzi huisha kwa siku moja, na anayekuja kutushikia jeneza ni jirani, awe wa chama gani.