Mwenye Ulimi na Tarakilishi

Wazazi wenzetu, mnamo Januari 2026 kundi la kwanza la Mtaala wa Umilisi liliingia Gredi ya 10, na kila mtoto alitakiwa awe ameshika mkondo mmoja kati ya mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi za Jamii, zilizobeba lugha, au Sanaa na Michezo. Makundi mengine yanafuata. Katika familia zetu za Meru na Embu, hukumu aghalabu hutolewa mapema: "Huyu binti ana ulimi, mambo ya mashine si yake."

Hukumu hiyo yafaa ipimwe. Mwaka 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walitangaza matokeo ya watu wazima 36 waliofunzwa Python, lugha ya kuandikia programu, kwa vipindi kumi vya dakika 45. Tofauti baina ya wanafunzi zilielezwa zaidi na uwezo wa kufikiri na kuhifadhi mambo akilini, kwa wastani wa asilimia 34. Kipaji cha kujifunza lugha kilieleza asilimia 17. Wepesi wa hesabu, asilimia 2 tu.

Si ajabu. Programu nayo ina msamiati na kanuni zake. Alama moja ikikosekana, kazi yote husimama. Mtoto anayeshtuka kusikia "kitabu imeanguka", akasahihisha "kitabu kimeanguka", amekwisha kuzoea ulinzi wa namna hiyo. Na watoto wetu wa huko bara huvuka lugha kila siku: Kiswahili nyumbani, Kimeru au Kiembu sokoni, lugha zenye irabu saba ilhali Kiswahili kina tano, Kiingereza darasani, na Kiarabu chuoni.

Hata hivyo, tusigeuze utafiti mmoja kuwa sheria. Watu 36 ni wachache, tena walikuwa watu wazima. Hisabati ingali nguzo ya uhandisi na fani nyingi za tarakilishi. Wala akili za watoto hazilingani: mmoja ni mwepesi, mwenziwe ni mpole lakini hasahau. Kumpima mtoto kwa kipimo cha nduguye ni kumdhulumu.

Basi kabla ya kujaza fomu, tumtazame mwana. Je, hukaa na fumbo hadi alifumbue? Hufurahi kutafuta kosa lilipojificha? Tumpe nafasi ya kuigusa kazi yenyewe kabla ya kumwambia si yake. Tuulize pia shule hufundisha masomo gani, kwani mwanafunzi huchagua matatu juu ya yale ya lazima. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kipo Nchiru, na Chuo Kikuu cha Embu kipo jirani. Milango haiko mbali. Isiwe sisi wazazi ndio tulioifunga kwa neno moja.