Hatuombi Bunduki, Tunadai Usalama

Vijana wenzetu, ba-grand na ba-petit wa Beni, Butembo, Bunia, Goma, Bukavu na Uvira, na ninyi mulioko Lubumbashi na Kinshasa,

Tangu AFC/M23 iingie Goma mwisho wa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari, kuko neno moja linarudi kila mara katika ma-groupe ya WhatsApp: «Kila raia apewe bunduki yake. Leta imeshindwa, redio zinadanganya, tujilinde sisi wenyewe.» Wengine wanaleta mfano wa Marekani. Kule, wanasema, raia anaweka bunduki nyumbani, Katiba inamruhusu, na wanasiasa wa mrengo wa kulia wanailinda hiyo haki kama mboni ya jicho. Basi juu ya nini Mkongomani akatazwe?

Swali hili si la kijinga, na hatutamcheka anayeliuliza. Mama aliyetoka Rutshuru na godoro kichwani, akakaa Kanyaruchinya chini ya hema, akafukuzwa tena, huwezi kumwambia «tulia, Leta inashughulika». Tangu tarehe 6 Mei 2021 Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya état de siège. Wanajeshi na polisi walichukua viti vya magavana na mameya, na tuliahidiwa amani. Tarehe 13 Juni 2022 Bunagana ikaanguka. Goma ikafuata. Huko Beni na Ituri, ADF waliendelea kuchinja watu mashambani. Hasira iko na sababu.

Lakini hasira ikiwa na sababu, haimaanishi kila dawa inayouzwa kwa jina lake ni dawa. Tunataka kusema wazi kwa nini sisi tunakataa hii.

Tuanze na Marekani, maana mfano wake unabebwa nusu. Haki ya raia kushika silaha iliingia katika Katiba yao mwaka 1791, katika badiliko la pili. Wahafidhina wanaoitetea wanasema hivi: serikali ikijua raia yuko na bunduki, itaogopa kumkandamiza. Bunduki ya raia, kwao, ni ya kuizuia serikali. Anainunua dukani kwa feza yake mwenyewe. Hakuna mkubwa anayempa, hakuna mkubwa anayemtuma. Unaweza kukubali fikra hiyo ama kuikataa. Hata kule kwenyewe wanabishana juu yake, kwa sababu bunduki zinaua zaidi ya watu 40,000 kwa mwaka, na zaidi ya nusu yao ni watu waliojiua wenyewe. Lakini ishike vizuri ile fikra, halafu uangalie ya kwetu.

Hapa kwetu bunduki inatoka kwa nani? Inatoka kwa Leta, ama kwa mwanasiasa anayetafuta kura, ama kwa tajiri anayetaka carré yake ya madini ilindwe, ama kwa komanda wa kijiji. Anayekupa ndiye anaamua utapiga nani. Siku utamuuliza franga za barabara zilienda wapi, atakuuliza nani alikupa masasi. Mhafidhina wa Texas akiambiwa kwamba serikali yenyewe ndiyo inagawa silaha kwa vijana wasio na kazi na kuwaonyesha adui, yeye ndiye wa kwanza angekimbia. Kule mtu anataka bunduki ili asiwe mtumishi wa mtu. Hapa kijana anapewa bunduki ili awe mtumishi wa mtu.

Tuko na Katiba yetu pia, ya tarehe 18 Februari 2006, na wengi wanaoita «haki ya bunduki» hawajaifungua. Ibara ya 63 inasema kulinda inchi ni haki na wajibu mtakatifu wa kila Mkongomani. Hiyo tunaikubali kwa mikono miwili. Lakini ibara ya 190 inakataza mtu yeyote kuunda jeshi la pembeni ama milisia, na inakataza kuweka vijana wenye silaha. Anayefanya hivyo, Katiba inamuita mhaini mkubwa. Walioandika maneno hayo walikuwa wametoka katika vita mbili. Walijua wanaandika nini.

Walimjua kadogo. Mwaka 1996 AFDL ilipopita huku mashariki, ilibeba watoto wetu, ikawavalisha mabuti yaliyowashinda ukubwa, ikawapeleka kwa miguu mpaka Kinshasa. Mei 1997 watu waliwapigia makofi. Tarehe 16 Januari 2001 Laurent-Désiré Kabila aliuawa ndani ya ofisi yake na mmoja wa walinzi wake. Na wale kadogo wengine? Uliza katika familia. Kuko waliorudi bila masomo, bila kazi, wakajua kitu kimoja tu, na kila komanda mpya aliwakuta tayari. Tangu wakati ule tumeona programu nyingi za kurudisha silaha, kila moja na jina lake na ma-jeep yake. Ya sasa ni P-DDRCS, ya mwaka 2021. Kugawa bunduki ni kazi ya siku moja. Kuzirudisha kumetuchukua zaidi ya miaka 20 na hatujamaliza.

Sasa tufike kwa Wazalendo, maana tukiwaruka mutasema tunaogopa. Novemba 2022 Raisi wa Jamhuri aliita vijana waingie jeshini na waunde vikundi vya ulinzi. Mwaka 2023 ikapita sheria ya Réserve armée de la défense. Kati ya Wazalendo kuko vijana waliokufa kweli juu ya hii inchi, wakati wenye mishahara walikuwa wamekimbia. Hatutawatukana. Tunauliza Leta iliyowaita: kila mmoja wao yuko na matricule? Analipwa siku gani? Akivunjika mguu, hospitali inalipwa na nani? Akifa, mjane wake anapiga hodi wapi? Akibaka ama akiua raia, anapelekwa mbele ya jaji yupi?

Kijana aliye na bunduki bila mshahara atakula wapi? Atakula barrière. Atasimamisha moto, atasimamisha mama anayetoka sokoni na kikapu cha fufu, na atasema ni «mchango wa vita». Huyo mama alikimbia mwenye kumnyang'anya upande ule. Amekutana na mwingine upande huu, anayeongea lugha yake. Kesho kikundi cha kabila hili kitagombana na kikundi cha kabila lile juu ya ile barrière, na wote watasema wanalinda inchi.

Na kuko jambo la Bukavu ambalo hatutaki lisahauliwe. Jeshi lilipoondoka, bunduki zilibaki, na watoto waliziokota. Februari 2025 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitangaza kwamba M23 waliua watoto pale Bukavu, watoto waliokuwa wameshika silaha. Aliyewaua ndiye mwenye kosa, na siku moja atajibu. Lakini ile bunduki haikuwakinga. Iliwapa sura ya adui. Mwenye kusema «kila mtu apewe» amuambie mama mzazi maneno hayo hayo, uso kwa uso.

Tuje kwa upande wa redio na habari, kwa sababu hapa ndipo kijana anaponaswa kabla hajagusa bunduki.

Wanasema «media zote zinadanganya». Tunajua hiyo dharau ilizaliwa wapi, na viongozi wetu ndio wakunga wake. Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya uchaguzi, CENI ilitangaza kwamba Beni na Butembo watapiga kura Machi 2019, eti juu ya Ebola na usalama. Lakini raisi mpya angeapishwa Januari! Watu wa Beni walielewa kwamba wamefutwa katika hesabu. Kesho yake waliingia barabarani, na kituo cha Ebola kilishambuliwa. Ebola ilikuwa ya kweli: mpaka ilipokwisha Juni 2020 ilikuwa imeua zaidi ya watu 2,200. Lakini wakubwa walipoitumia kama kisingizio cha kura, walimfundisha mwananchi kwamba hata ugonjwa ni politiki. Baada ya kura wakakata intaneti karibu wiki tatu, wakanyamazisha RFI kwa miezi. Septemba 2023 mwandishi Stanis Bujakera akafungwa, akatoka Machi 2024. Januari 2025 waandishi wa Al Jazeera wakanyang'anywa ruhusa ya kazi baada ya mahojiano na mkubwa wa M23. Na katika eneo lililochukuliwa na M23, redio za jamii nyingi ziliporwa ama zikafungwa. Pande zote mbili zinaogopa mikro.

Kwa hiyo ndiyo, kuwa na mashaka ni akili. Lakini angalieni vizuri: kijana anayesema haamini Radio Okapi, haamini RFI, haamini mtu yeyote, huyo huyo anaamini audio ya dakika mbili ya mtu asiye na jina anayelia «wamefika, wanatumaliza, tokeni na mapanga!» Ameacha kuamini anayeweza kushtakiwa akisema uongo, anaamini ambaye hatapatikana kamwe. Mwandishi wa habari akikosea, tunajua jina lake na mlango wa ofisi yake. Mwenye audio hana mlango.

Na tusisahau nguvu ya habari ya kweli. Tarehe 30 Agosti 2023, hapo Goma, wanajeshi wa Garde républicaine walifyatulia risasi watu waliotaka kuandamana dhidi ya MONUSCO. Walikufa zaidi ya 40. Picha za video zilionyesha wanajeshi wakirusha maiti ndani ya lori kama mifuko ya makala, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kusema haikutokea. Mnamo Oktoba mahakama ya kijeshi ilimhukumu kanali aliyekuwa mkubwa wao. Haki yote haijapatikana, na sisi hatushangilii hukumu ya kifo. Lakini jiulize: kama siku ile wale watu wangekuwa na bunduki, tungesikia nini? «Mapigano kati ya jeshi na waasi.» Mwisho wa habari. Hakuna kesi, hakuna kanali mbele ya jaji. Kilichomfikisha mkubwa kizimbani ni watu kuona.

Kuko atakayesema: «Basi munatuambia tufe mikono mitupu?» Hapana. Ibara ya 64 inampa kila Mkongomani wajibu wa kupinga yeyote anayetwaa mamlaka kwa nguvu. Tunapinga M23 na tunapinga Rwanda inayoisaidia. Anayetaka kubeba silaha juu ya Congo, mlango uko mmoja: jeshi la taifa, na matricule, na mshahara, na komanda anayejulikana, na jaji juu ya kichwa chake. Hiyo haituondolei sisi wengine kazi, inatuongezea: kudai kwamba ule mlango uwe wa kweli. Leo mwanajeshi wa mstari wa mbele anakula nini wakati mkubwa wake anajenga ghorofa? Ukiwapa raia 100,000 bunduki bila kujibu swali hilo, umezidisha wenye njaa wenye silaha, na mwizi wa mishahara amepumua.

Kwa hiyo tunadai:

Leta itoe hadharani idadi ya watu wote waliopewa silaha kwa jina la Wazalendo ama la Réserve, na orodha ya matricule ibaki mikononi mwa vyombo vya sheria. Asiye na matricule arudishe bunduki, na apewe njia ya kurudi bila kuuawa.

Mtoto yeyote mwenye umri chini ya miaka 18 atolewe katika vikundi vyote, vya upande wowote. Komanda anayemweka afunguliwe kesi.

Mishahara ya wanajeshi ikaguliwe, na wenye kula feza za mstari wa mbele watajwe kwa majina.

Redio za jamii zifunguliwe na waandishi waachwe wafanye kazi, Kinshasa na katika maeneo yaliyokaliwa.

Na sisi vijana tuko na letu. Audio ikifika bila jina, bila tarehe na bila mahali, isitoke katika telefone yako. Mpigie mtu unayemjua anayekaa pale, muulize ameona nini kwa macho yake. Kama hakuna aliyeona, ifute. Na petit wako akikuambia kuna mtu anagawa bunduki nyuma ya soko, usimuache aende peke yake na swali hilo. Kaa naye, muulize: ni nani anayetoa, atakulipa nini, atakutuma kwa nani, na wewe ukifa, nani ataenda kumuambia mama?

Kama yule anayegawa hana jibu kwa maswali hayo manne, hakuleta ulinzi. Alikuja kununua kijana, na sisi hatuuzi.