Maadili ya data yaanze kabla mtafiti hajafika Kitengela

WATAFITI wa shahada ya uzamifu wamekuwa wageni wa kawaida katika nyika za Kitengela na maeneo mengine ya Kajiado kwa miongo kadhaa. Wamehesabu nyumbu, wakapima malisho na kuwahoji wafugaji. Siku hizi, kazi kubwa yaweza kufanywa kwa picha za setilaiti na programu za kompyuta, mtafiti akiwa mbali. Mabadiliko hayo yamezua swali ambalo vyuo vikuu havina budi kulijibu: ni nani anayemlinda mfugaji ambaye boma lake limegeuka nukta katika data ya mtu asiyemjua?

Swali hili si la nadharia tu. Tangu ranchi ya pamoja ya Kitengela ilipogawanywa mwaka 1988, ardhi imeuzwa na kuzungushiwa seng'enge, na mapito ya wanyama wanaotoka Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi yamebanwa. Katika hali hiyo, ramani ya mashamba yaliyo wazi ni chombo chenye nguvu. Mhifadhi aweza kuitumia kuokoa njia ya nyumbu. Dalali naye aweza kuitumia kumsaka mwenye shamba aliyelemewa na ukame.

Kifungu cha 53 cha Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 kimewapa watafiti nafuu. Data za watu zinazotumiwa kwa utafiti pekee zaweza kuondolewa masharti ya sheria hiyo, mradi matokeo yasimtambulishe mhusika. Hata hivyo, kufuta jina pekee hakutoshi Kajiado. Pale ambapo kila mtu hujulikana kwa boma lake, vipimo vya mahali boma lilipo ni sawa na jina. Vipimo hivyo vikiunganishwa na majibu kuhusu idadi ya ng'ombe au madeni, mfugaji hubaki bila siri.

Vilevile kuna suala la ridhaa. Mzee anayekubali kuhojiwa hujisemea mwenyewe, ilhali ramani huwagusa majirani zake wote. Isitoshe, ridhaa ina thamani tu iwapo mtu ameelewa na hakushawishiwa kwa malipo. Mnamo Mei 2025, Mahakama Kuu iliamuru Worldcoin ifute data za miili ya Wakenya zilizokusanywa kwa kuwapa watu sarafu za kidijitali. Watafiti wanapaswa kujifunza kutokana na uamuzi huo.

Kitengela yenyewe ina mfano mwema. Katika miaka ya 2000, Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) ilishirikiana na wenyeji kuchora ramani ya nyua zilizokuwa zikienea. Ramani hizo zilisaidia kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi wa Kitengela, Isinya na Kipeto. Kiungo kati ya wanasayansi na wafugaji alikuwa Bw David Nkedianye, mwenyeji wa eneo hilo, ambaye baadaye alihitimu uzamifu katika Chuo Kikuu cha Edinburgh na mwaka 2013 akachaguliwa kuwa gavana wa kwanza wa Kajiado. Funzo ni kwamba wenyeji walishiriki tangu mwanzo, wakajua ramani ilikuwa ya nini.

Ndiposa leseni ya tume ya sayansi ya NACOSTI na fomu yenye saini ni mwanzo tu wa safari. Msimamizi wa tasnifu anafaa kumuuliza mwanafunzi, kabla hajakusanya chochote: Ni nani aweza kudhuriwa na data hizi? Zitahifadhiwa wapi, na nani ataziona miaka 10 ijayo? Vipimo vya maboma vitafichwa vipi? Je, matokeo yatarudishwa kwa wafugaji kwa Kimaasai na Kiswahili?

Mwanafunzi asiye na majibu hayuko tayari kwenda nyanjani, hata hesabu zake ziwe sahihi namna gani. Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Wafugaji wa Kajiado wamewapokea wageni wengi wenye madaftari, na sasa wanapokea wenye kompyuta. Wana haki ya kuuliza watakachofaidi.