Nyumba ya wageni ya pamoja: nani atalala ndani?

Katika MUSO zetu kuna wazo linalozunguka: tuunganishe akiba, tujenge nyumba ya wageni hapa Kasongo, kila mwenye sehemu awe na wiki yake kwa mwaka, alale mwenyewe au aikodishe.

Wazo si geni. Ulaya walianza zamani: Hapimag ya Uswisi mwaka 1963, kisha Superdévoluy, milimani Ufaransa, mwaka 1967. Kujenga hakukuwa shida. Mwaka una wiki 52, lakini wote wanataka zile za likizo. Tena kila mwaka, ulale usilale, unalipa mchango wa kutunza nyumba, na wenzako wakiacha kulipa, mzigo unakuangukia wewe.

Tupige hesabu ya kwetu, kwa mfano tu. Vyumba 6, dola 10 kwa usiku. Kila chumba kikipata mgeni siku 8 kwa mwezi, ni dola 480. Mlinzi na mfanyakazi 150, mafuta ya jenereta na maji 120, sabuni, mashuka na matengenezo 80, kodi 50. Inabaki dola 80. Kama nyumba imekula dola 15000, kuzirudisha ni zaidi ya miaka 15. (Mabati yatakuwa yametoboka kabla.)

Na wageni ni nani? Ndugu akija analala kwa shangazi, hatumlipishi. Wanaolipa ni watu wa mashirika, wa serikali na wafanyabiashara, nao huja na kuondoka. Wamama wa Kabambare wanajua: mwaka 2019 Banro ilisimamisha kazi Namoya, na mgeni aliyefuata mgodi hakuwa tena na sababu ya kuja. Chumba hakimfuati.

Hao wa Kabambare ndio wanaotusumbua moyo. Watalipa sehemu sawa na sisi, lakini wiki yao ikiangukia wakati wa mvua, na barabara ile, watafikaje?

Sisi tunaona tusijenge kwanza. Tukodi nyumba ya vyumba viwili karibu na Hospitali Kuu, na haki ya mwanachama iwe siku, si wiki iliyofungwa. Mama anayeleta mgonjwa kutoka Kabambare atalala humo siku anayofika. Siku zinazobaki tukodishe. Katibu aandike kila usiku katika daftari, mwaka mzima, mvua na kiangazi. Daftari hilo tulifungue pamoja kabla ya kununua tofali hata moja.