Kusaka Ndui Isiyokuwepo
Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alipatikana Merka, Somalia, Oktoba 1977, lakini wahudumu wa afya waliendelea hadi 1979 kupita kijiji hadi kijiji katika Pembe ya Afrika, wakiwaonyesha wenyeji picha ya mtoto mwenye vipele na kujibiwa hapana, hapana tena, jua likiwachoma. Kazi hiyo, ambayo mhasibu angeiona hasara tupu, ndiyo iliyoliwezesha Shirika la Afya Duniani kutangaza mwaka 1980 kwamba ndui imetokomezwa. Kwa hiyo, mapendekezo yoyote ya kukata fedha za ufuatiliaji wa magonjwa, yaani ukusanyaji endelevu wa taarifa hata pasipo na mgonjwa, eti kwa kuwa fomu zinarudi na sifuri, yanastahili kukataliwa bungeni.